Kopo la Nyongeza

Unga uliokuwa ukimdhoofisha Editha niliusaga mimi, na niliusaga kwa uangalifu kuliko wa mteja mwingine yeyote. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Kadiri alivyokunywa uji wa unga ule ndivyo alivyozidi kukonda, na kadiri alivyokonda ndivyo mama yake alivyorudi mashineni na ndoo ya nafaka, akaniambia, "Mama Bura, safari hii uupe nguvu zaidi." Nami niliupa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaofungua mashine za kusaga hapa Babati na kufungasha unga wa lishe kwenye mifuko yenye picha ya mtoto anayecheka. Watatu wenu mmeshafika kwangu kuuliza mchanganyiko wangu. Mchanganyiko hauna siri, nitautaja humu humu. Ila nimeshastaafu, sina tena mteja wa kuogopa kumpoteza, kwa hiyo nitasema na yale ambayo tukiwa kazini hatuyasemi.

Mashine niliyoiendesha ilikuwa Bagara, chumba kimoja cha matofali chenye dirisha dogo upande wa magharibi. Kazi nilifundishwa na Mzee Gwandu, ambaye alikuwa amesaga mahindi ya mji huu mpaka masikio yake yakafa. Ukimwamkia, alijibu marahaba kwa kuangalia midomo yako. Lakini aliweka kiganja kwenye ubavu wa mashine, akafumba macho, akasema, "Huyu kaleta mahindi mabichi. Na kuna jiwe linakuja." Kweli, baada ya pumzi mbili tatu, jiwe likagonga nyundo ndani, ka! Alilijuaje kabla halijafika? Nilimuuliza siku moja nikitamka polepole ili anisome. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake, akaenda kunywa chai.

Siku yangu ya kwanza alinipima kwa macho toka kichwani hadi miguuni.

"Kanga hiyo mkanda wa mashine unaipenda sana," alisema. "Utaingia Mama Bura, utatoka dona."

Kesho yake nilikuja na suruali ya mume wangu, na wateja wakaniita Fundi Suruali mpaka mume wangu akanisihi nimnunulie nyingine maana alikuwa anachekwa kilabuni.

Alichonifundisha ni hiki, na bado kinafaa. Punje ing'ate kwa meno ya pembeni. Ikipasuka kwa mlio ni kavu, ikibonyea mrudishe mteja akaanike. Unga uupime kati ya dole gumba na cha shahada, usiupime kwa macho, macho hudanganywa na weupe. Karanga usizisage peke yake, mafuta yake yataziba chekeche. Zichanganye na mahindi makavu, uzilishe kidogo kidogo. Unga ukitoka una moto, kwa hiyo utandaze upoe ndipo ufungwe, la sivyo utaota ukungu kabla ya Jumapili. Na mteja asiondoke bila nyongeza. Umeme ukikatika, usitie mkono kwenye mashine hata kama imenyamaza, kwa sababu ile shafti huendelea kuzunguka kimya kimya kwa muda ambao hutautegemea. Nimeiona ikizunguka wakati chumba kizima kimetulia na unga umeganda hewani kwenye mwanga wa dirisha, haupandi wala haushuki. Utando wa buibui kule juu ulikuwa umeshika unga mpaka ukawa kama kamba nyeupe. Hatukumwona buibui hata mmoja, miaka yote.

Mabaka yalianza kwenye ncha za vidole vyangu. Mtu wa mashine ni mweupe toka nyusi hadi viatu, kwa hiyo sikuyaona mapema. Jioni moja nilikuwa bombani nanawa, Editha, akiwa bado mdogo, kasimama pembeni akimsubiri mama yake.

"Bibi, hujanawa hapa," alisema.

Nikanawa tena.

"Bado. Na hapa."

Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa gunzi, ngozi ikaanza kuwaka. Maji yalikuwa yanashuka safi, hayana unga hata chembe, na vidole vilikuwa vyeupe vile vile. Mtoto akaacha kucheka. Sisi wawili tukaitazama ile mikono kana kwamba ni ya mtu wa tatu.

Editha alikuwa wa Nangara, na mama yake alilima mahindi na maharage kama wengi wetu. Tangu akiwa na miaka sita mtoto alikuwa na kisukari kile kinachowapata watoto, kinachotaka sindano ya insulini kila siku. Watu walimwambia mama yake kwamba kisukari ni cha wanene wa mjini, na mtoto mwembamba vile amekipata wapi. Yeye hakubishana nao. Alijifunza kuchoma sindano, akajifunza kupima sukari kwa tone la damu la kidoleni, akaandika kila namba kwenye daftari la shule. Kila alipokuja mashineni alinionyesha lile daftari, nami nikalisoma kama ninavyosoma mlio wa mashine.

Tumbo la Editha lilikuwa limejaa kama ngoma na miguu imekuwa myembamba. Urefu wake ulikuwa umesimama. Mdogo wake alikuwa amemfikia begani, kisha sikioni. Mama Editha alitaka unga wa kumjenga, na mimi ndiye niliyesifiwa kwa lishe mji mzima: mahindi, ulezi, soya iliyokaangwa, karanga, na ngano. Ngano yangu ilitoka mashamba ya Hanang. Niliipenda kwa sababu huufanya uji ushikane, uwe laini, mtoto aumeze bila kelele. Aliponiambia niupe nguvu, nilipunguza mahindi na kuzidisha ngano.

Mchana mmoja tulikuwa mashineni, mimi, mama yake na yeye tu. Editha alikuwa amekaa kwenye gunia karibu na mlango. Nilikuwa nimezima mota ili nibadilishe chekeche.

"Bibi," aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa, "mbona watu wamekuwa wengi?"

Nikageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Yeye alikuwa anaangalia nyuma yangu, kule ukutani, na kidole chake kilikuwa kinahesabu. "Wanne. Watano. Huyu hana nguo, ana unga tu."

Mama yake hakuangalia ukuta. Alimshika taya, akamsukumia sukari ndani ya shavu, akamfunga mdomo kwa kiganja na kuanza kumsugua koo. Jasho la mtoto lilikuwa la baridi. Tulikaa hivyo. Baadaye Editha akapepesa macho, akanitazama, akasema, "Wameshaondoka," kama anayetoa taarifa.

"Asubuhi kanywa vikombe viwili vya uji," mama yake aliniambia. "Viwili, Mama Bura! Nimemchoma sindano ya vikombe viwili. Sukari imeshukaje? Chakula kinaingia, hakifiki."

Maneno yale sikuyasahau. Hata usiku yalinijia.

Sukari ya kushuka namna ile ilianza kumjia mara mbili kwa wiki, kisha mara tatu. Alianguka shuleni, akaanguka kanisani. Mama yake alikuwa na hofu moja tu, na aliisema waziwazi: siku moja itashuka wakati hakuna mtu karibu. Ndugu zake wakampeleka kwa mama mmoja mwombezi. Huyo akafumba macho akasema anaona kitu cheupe, hakina miguu, kinaingia kwa mtoto kwa njia ya chakula.

Habari hiyo ilifika Bagara kabla yao. Nadhani mnajua wanawake wa foleni walitazama wapi. Walitazama mikono yangu. Mmoja, ambaye nilimsagia tangu akiwa mwali, alisukuma ndoo yake mwenyewe chini ya mdomo wa mashine.

"Wangu nitakinga mwenyewe, Mama Bura. Wewe pumzika."

"Basi na nyundo zizungushe mwenyewe," nikamjibu. "Si umekuja na nguvu leo?"

Walicheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nilivaa soksi mikononi na kukaa nazo mpaka wakati wa kula.

Aliyetutoa kwenye giza hilo alikuwa daktari kijana wa kliniki ya watoto wenye kisukari. Mama Editha alinisihi niende naye ili nieleze unga. Nilieleza. Daktari aliandika kila nafaka, na alipofika kwenye ngano kalamu yake ilisimama. Kisha akainua macho, lakini hakumwangalia mtoto.

"Shikamoo mama. Na wewe, hiyo mikono ina muda gani?"

"Marahaba. Miaka minne."

"Una tatizo la tezi ya shingo?"

Nilikuwa namezeshwa vidonge vya tezi, na kila nikirudi walikuta havitoshi, wanaongeza. Nilikuwa nimechoka muda wote, nasikia baridi wakati wengine wanajipepea. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote mle chumbani.

"Umejuaje?"

"Sijajua. Nauliza tu."

Alituchorea kwenye karatasi. Kinga ya mwili ni kama mlinzi wa nyumba, alisema, na kuna watu ambao mlinzi wao hukosea akamshambulia mwenye nyumba. Akishambulia kongosho, mtu anapata kisukari kama cha Editha. Akishambulia rangi ya ngozi, mabaka. Akishambulia tezi, uchovu na baridi. Na kuna wengine ambao mlinzi huyo huchokozwa na gluteni, kitu kilichomo kwenye ngano na shayiri. Kila inapoliwa, yeye huharibu utumbo wenyewe, ukawa hauwezi kunyonya chakula. Huo unaitwa ugonjwa wa siliaki. Magonjwa haya hupenda kutembea pamoja, mwenye ugonjwa mmoja apimwe pia magonjwa mengine.

"Kwa hiyo nimwachishe ngano leo?" Mama Editha alikuwa ameshasimama.

"Hapana. Msiache mpaka vipimo viishe. Ukiacha sasa, utumbo utaanza kupona na kipimo kitatuambia hakuna kitu."

Vijana, hilo liandikeni mahali. Ukishuku, pima kwanza ndipo uache. Nalisema kwa wepesi, lakini nendeni mkaliishi. Damu ilipelekwa nje ya mkoa, kisha kukawa na safari ya kwenda kuingizwa kamera tumboni, na katikati yake kulikuwa na wiki nyingi. Wiki hizo nilisaga nikijua. Mara moja nilipita Nangara asubuhi nikawakuta mezani, kikombe kinafuka moshi.

"Nimpe?" mama yake aliniuliza.

"Mpe."

Hakuna aliyekisogeza. Editha alitutazama kwa zamu.

"Mbona mnaniangalia kama nimekufa?" Akakinywa chote, akageuza kikombe kutuonyesha kitako.

Majibu yake yalikuwa siliaki. Nami nilipopimwa, yalikuwa hayo hayo. Kwa miaka ishirini na zaidi nilikuwa nimevuta vumbi la ngano na kuonja kila mchanganyiko kwa ulimi.

Tuliacha. Lishe yake nikaitengeneza kwa mahindi, ulezi, soya na karanga peke yake. Sikukuu chapati zikapita mbele yetu tukazitazama kama picha ukutani. Paroko alipoelezwa kuhusu hostia alifikiri kidogo, akasema mtoto atapokea kwa kikombe.

Wiki ya tatu Mama Editha alikuja anakimbia na daftari. "Sukari imepanda! Mama Bura, tumemwua, angalia namba hizi!" Tulikwenda kliniki tukiwa tumeshalia. Daktari akasoma, akatabasamu. Chakula kilikuwa kimeanza kufika. Utumbo unapona, kwa hiyo sindano iongezwe. Kuanzia hapo daftari likawa jicho letu: sukari ikishuka bila sababu, tuliogopa ngano imeingia. Editha alinenepa mashavu. Viatu vikambana.

Kisha, Jumatano moja, akaanguka.

Ijumaa tena. Tumbo likaanza kujaa. Mama yake alimwaga kila kilichokuwa jikoni. Mimi niliifungua mashine yote. Nyuma ya chekeche, mahali ambapo ufagio haufiki, nilikuta unga umegandamana kama ukuta, tabaka juu ya tabaka: manjano ya mahindi, hudhurungi ya ulezi, weupe wa ngano, tena manjano. Nikikwangua naona misimu inavyorudi nyuma. Sijui tabaka la ndani kabisa lilisagwa na nani. Nilikwangua mpaka chuma, nikafua ule mfuko mrefu wa kitambaa unaopokea unga, nikapanga kwamba Editha asagiwe Jumatatu asubuhi, wa kwanza, kabla ya mtu yeyote.

Akaanguka.

Mama Editha alikuja peke yake safari hiyo. Alisimama mlangoni akiangalia chini.

"Dada yangu, usinichukie."

"Sema tu."

"Leo kaa nje. Nisage mwenyewe."

Nilijua anachowaza, na alijua kwamba najua. Nilimwonyesha swichi, nikamwonyesha jinsi ya kulisha nafaka, nikatoka, nikakaa upande wa pili wa barabara na wanawake wa foleni wakiniangalia. Nilikaa pale mpaka akamaliza.

Unga ule Editha aliula kwa wiki mbili na nusu. Hakuanguka hata siku moja.

Ulipokwisha, Mama Editha aliona haya, akaniambia nisage mimi kama zamani. Nilisaga Jumatatu, wa kwanza, mashine safi. Alhamisi mtoto akaanguka.

Mimi ni mtu wa kutazama mambo kwa mpangilio. Mashine ile ile, nafaka ile ile, ndoo ile ile. Kilichobadilika ni mimi kuwa ndani au nje. Nilizitazama namba za daftari lile mpaka zikaacha kuwa namba. Mwombezi alikuwa amesema cheupe, hakina miguu. Nilikaa kitandani na mikono yangu magotini, na nawaambia ukweli, niliiogopa. Niliiweka mbali na mwili wangu kama mtu anayeshika kuku aliyekufa.

Jumatatu iliyofuata nilimwambia Mama Editha, "Simama nyuma yangu. Usiangalie mashine, usiangalie uso wangu. Angalia mikono tu."

Nilisaga. Nilipima kwa dole gumba. Nilizima mota, nikafunga ndoo, nikageuka. Alikuwa ameshika ukuta.

"Pale umefanya nini?"

"Pale wapi?"

"Mkono wa kushoto. Kabla hujafunika."

"Sijafanya kitu."

"Mama Bura, umefanya."

Alinionyesha. Kando ya mlango kulikuwa na msumari, na juu yake lilining'inia kopo, na chini yake pipa dogo. Ndani ya pipa tuliweka unga unaovuja pembeni ya mfuko na ule tuliokung'uta kwenye kitambaa cha chini, unga safi kabisa wa kuliwa, ila ni wa kila mtu aliyepita, na msimu ule wengi walikuwa wakileta ngano. Kutoka hapo kila mteja aliongezewa kopo moja juu ya unga wake, ili asiondoke na kasoro ya kile kilichobaki kwenye mashine. Mgonjwa alijaziwa mpaka likafanya kichuguu. Nilikuwa nimefanya hivyo kwa ndoo zote tangu Mzee Gwandu aliponishika mkono na kunionyesha. Kopo lile lilikuwa linaondoka msumarini, linachota, linamwaga, linarudi, na mimi nikiwa naongea mambo ya mvua. Nilipoligusa siku ile lilikuwa bado linayumba.

Nilimwomba Mama Editha tujaribu tena kwa ndoo tupu, na nilijiambia moyoni kwamba sitalishika. Nilifunika ndoo. Nikamtazama. Alitikisa kichwa.

"Umelishika."

Wanawake wa foleni walikosea sababu. Mkono hawakukosea.

Nilikwenda kwa kila mmoja wao kumweleza, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kukwangua mashine. Yule aliyekinga ndoo mwenyewe alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo na mimi nyongeza hamna tena?" Nikamwambia hamna. "Basi bora ungekuwa mchawi," akasema, na tukacheka kweli safari hiyo.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, mchanganyiko wangu ni sehemu nne za mahindi, mbili za ulezi, moja ya soya iliyokaangwa vizuri, nusu ya karanga. Anayetaka ngano apate mashine nyingine, chumba kingine, ndoo nyingine, na kwenye mfuko iandikwe kwa herufi kubwa kuliko picha ya mtoto. Mgonjwa akija na kusema unga haumsaidii, msimwongezee. Muulizeni anaumwa nini kingine, na nani kwao ana mabaka, tezi au kisukari, kisha mpelekeni akapimwe. Nafaka zichambueni kwenye ungo, punje kwa punje, kwa sababu magunia ya mahindi ya huku mara nyingi yalibeba ngano msimu uliotangulia, na punje hujificha kwenye mshono. Kisha mtafuteni mtu asimame nyuma yenu aangalie mikono. Peke yako hutaona.

Niliacha kazi miaka minne iliyopita. Kinu cha mkono ninachotumia nyumbani hakijawahi kuona ngano. Tezi yangu imetulia, vidonge vimepunguzwa mara mbili, na mwaka jana kipimo changu cha siliaki kilirudi kikiwa kimya kabisa, hakionyeshi kitu.

Editha ana miaka kumi na nne. Amempita mama yake kwa urefu na anamkumbusha kila siku. Tangu Januari anaishi kwangu kwa sababu sekondari yake iko karibu, na mama yake amehamia shambani Bonga. Tunakula sufuria moja, yeye na mimi. Shuleni anabeba chakula chake kwenye bakuli lenye mfuniko, na hapokei hata karanga ya rafiki. Sukari yake haijashuka bila sababu kwa muda mrefu. Tumbo limelala.

Mwezi uliopita tulipimwa wote wawili, siku moja, kiti kimoja. Majibu yangu yalikuwa kimya kama mwaka jana. Yake yamepanda, karibu na pale yalipokuwa akiwa na miaka tisa. Daktari aliyasoma mara mbili. Alisema huenda ngano inapita mahali. Alisema pia kuna miili michache ambamo vita huendelea hata adui akiondoka, ila yeye hajawahi kukutana nayo. Kama ni hivyo, kamera itabidi irudi tumboni, na dawa zitakazofuata ni nzito kwa mtoto mwenye kisukari.

Tumebadilisha sufuria, mwiko, ungo, dawa ya meno. Mama yake alikuja kutoka Bonga akasimama nyuma yangu jikoni siku tatu, akiangalia mikono yangu. Siku ya nne nilisimama nyuma yake. Siku ya tano tulimsimamia Editha.

"Haya, mmeona nini?" alituuliza.

Hatukuona kitu. Damu imepelekwa upya, kwenye maabara nyingine kabisa. Majibu yamekuja juzi, na yake ni yale yale, bado yako juu.